Wenzo mfupi wa gia

Kifaa hiki hupunguza mwendo wa mkono wa dereva anapobadilisha gia katika gari la klachi. Egemeo husogezwa juu, sehemu ya chini ya wenzo ikarefuka na ya juu ikafupika. Mkono husafiri kidogo, ila husukuma kwa nguvu zaidi.

Wakati wa kukifunga, kwenye Mazda MX-5 wenzo huchomolewa kutoka ndani ya gari. Subaru Impreza, iliyozoeleka Kenya, hutumia fimbo chini ya sakafu, hivyo fundi hulazimika kulala chini yake.

Kwa anayekifunga nyumbani huko pwani, Diani au Msambweni, hewa ya chumvi hula bolti. Mafuta ya kulegeza kutu hutangulia spana. Jeki pekee haitoshi kabisa: gari likae juu ya stendi, penye saruji, si mchangani. Gia zote, pamoja na rivasi, zijaribiwe kwanza injini ikiwa imezimwa.