Diski kuu na hadithi ya saa milioni moja

Juzi jamaa mmoja aliniletea tarakilishi yake, nayo inalia tik, tik, tik kama saa ya ukutani. Ndani mlikuwa na hesabu za chama chao za miaka minne. Kabla sijaifungua akaniuliza, "Lakini karatasi yake inasema ni ya saa milioni moja. Imekufaje?" Swali hilo lina historia ndefu, na leo nataka tuipitie pamoja.

Tuanzie San Jose, California, mwaka 1956. Wahandisi wa IBM wakiongozwa na Reynold Johnson walitoa RAMAC, tarakilishi ya kwanza kuuzwa ikiwa na diski kuu. Diski yenyewe ilikuwa kabati zima: sahani 50, kila moja upana wa inchi 24, uzito takriban tani moja. Ilihifadhi herufi milioni 5 tu. Picha moja uliyopiga leo kwa simu yako huenda isingeenea humo.

Shida iliyowasumbua ndiyo inayoua diski hadi leo. Kichwa kinachosoma data lazima kikae karibu kabisa na sahani inayozunguka kwa kasi, lakini kisiiguse. Kikiigusa kinaikwaruza, na kilichoandikwa pale kinapotea. RAMAC ilitumia pampu kusukuma hewa kati ya kichwa na sahani. Mwaka 1961 IBM ikatoa diski ya 1301, ambayo vichwa vyake vilielea vyenyewe juu ya upepo wa sahani zinazozunguka. Adui akabaki vumbi. Mwaka 1973 ikaja 3340, iliyopewa jina la utani Winchester, ambapo sahani na vichwa vilifungiwa pamoja mahali pamoja. Diski za tarakilishi za nyumbani zilitokana na mtindo huo.

Basi kila dawa ikaja na ugonjwa wake. Katika Winchester, mashine ikizimwa vichwa hutua juu ya sahani zenyewe, ambazo zimepakwa mafuta. Miaka ya 1980 watu walizima tarakilishi jioni, na asubuhi diski ikakataa kuzunguka kwa sababu kichwa kimenata. Baadaye watengenezaji waliweka kijukwaa pembeni ili vichwa viegeshwe nje ya sahani. Hata wakongwe walijikwaa: diski ya IBM iitwayo Deskstar 75GXP, iliyotoka mwaka 2000, ilikufa mikononi mwa wateja wengi hadi wakaibandika jina "Deathstar", yaani nyota ya mauti. Mwaka 2001 wakaenda kortini.

Sasa turudi kwenye saa milioni moja. Mwaka una saa 8,760, kwa hiyo saa milioni ni miaka 114. Hakuna aliyekaa miaka 114 akiitazama diski. Watengenezaji hujaribu diski nyingi kwa muda mfupi, kisha hupiga hesabu. Maana ya namba hiyo ni kwamba ukiwa na diski 1,000 zinazofanya kazi mwaka mzima, utarajie kama 9 zife. Haisemi lolote kuhusu hiyo moja uliyo nayo mezani.

Na je, hizo 9 ni kweli? Jibu lilikuja Februari 2007, kwenye mkutano wa watafiti uliofanyika, kwa bahati, San Jose kulekule. Bianca Schroeder na Garth Gibson wa Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon walihesabu diski zipatazo 100,000 zilizokuwa kazini. Kwa karatasi za watengenezaji, zilizopaswa kubadilishwa kila mwaka hazingezidi asilimia 0.88. Walichokuta ni asilimia 2 hadi 4 mara nyingi, na mahali pengine hadi 13. Tena diski hazikungoja uzee ndipo zianze kuchoka, kwani idadi ilipanda mapema, mwaka baada ya mwaka.

Katika mkutano huohuo watafiti wa Google walileta hesabu ya diski zao zaidi ya 100,000. Wengi wetu tuliamini joto ndilo muuaji mkubwa, lakini wao waliona joto likidhuru hasa diski zilizozeeka. La kutisha zaidi lilihusu SMART, ule mfumo wa diski kujipima na kutoa onyo. Zaidi ya asilimia 56 ya diski zilizokufa hazikuwa zimeonyesha hata moja ya dalili nne kuu. Zilikwenda kimya.

Sisi huku tunaongeza la kwetu. Stima ikirudi kwa kishindo huweza kuunguza saketi ya diski hata kama sahani ni nzima. Na hizi diski mpya za SSD, ingawa hazina kichwa cha kukwaruza, saketi zake nazo hufa.

Yule Gibson ninamheshimu kwa jambo jingine. Mwaka 1988, pamoja na David Patterson na Randy Katz, aliandika kuhusu RAID, mpango wa kuunganisha diski nyingi za bei nafuu ili moja ikifa data ibaki. Walianza kwa kukubali kwamba diski itakufa, kisha wakajenga juu ya hilo. Lakini RAID haikuokoi na mwizi, wala na kidole chako mwenyewe kikifuta faili.

Na yule jamaa? Diski yake haikupona. Kilichookoa chama ni daftari la mweka hazina, mama mmoja aliyekataa katakata kuacha kalamu. Wameanza kuingiza hesabu upya, ukurasa kwa ukurasa, na safari hii kila Ijumaa wananakili kwenye diski ya pili inayolala nyumba nyingine.

Wewe nakala yako ya pili iko wapi? Kama huna, inakili leo kabla hujalala. Kwa sasa niishie hapo.