Dawa za kushusha trigliseridi: taja kwanza kila unachomeza

Majibu ya kipimo cha mafuta kwenye damu huja na namba kadhaa. Ya kolesteroli wengi wetu tumeizoea, lakini ya trigliseridi huwa tunairuka. Trigliseridi ni mafuta ambayo mwili huyatengeneza kutokana na chakula kilichozidi mahitaji yake, hasa sukari na wanga, na pia kutokana na pombe. Kwa mtu mzima, chini ya miligramu 150 kwa desilita ni kawaida. Zikifika 500 na kuendelea, kongosho linaweza kuvimba ghafla, na uvimbe huo unaweza kuua.

Kabla ya kuandika dawa, daktari hutafuta chanzo: kisukari kisichodhibitiwa, tezi ya shingo isiyofanya kazi vizuri, pombe au unene. Dawa zinazotumika sana ni za kundi la fibreti, yaani fenofibreti na jemfibrozili. Aina nyingi za fenofibreti humezwa mara moja kwa siku pamoja na chakula. Jemfibrozili humezwa mara mbili, nusu saa kabla ya kula asubuhi na jioni. Hazifai kwa mwenye ugonjwa mkali wa figo, ugonjwa wa ini au wa mfuko wa nyongo. Mjamzito na anayenyonyesha waseme mapema.

Hatari kubwa iko kwenye kuchanganya. Mwaka 2001 kampuni ya Bayer iliiondoa sokoni serivastatini, dawa ya kolesteroli, baada ya watumiaji kufariki kwa kuharibika misuli na figo. Baadhi yao walikuwa wakiitumia pamoja na jemfibrozili. Hadi leo jemfibrozili haitakiwi kuchanganywa na simvastatini, ambayo nayo ni dawa ya kolesteroli. Anayetumia warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, akiongezewa fibreti anaweza kuvuja damu kwa urahisi. Huyo hupunguziwa dozi ya warfarini na kupimwa damu mara kwa mara.

Ukiona misuli inauma au kulegea bila sababu, mkojo umekolea kama chai ya rangi, macho yamekuwa ya manjano, au tumbo linauma sana, usingoje tarehe ya kliniki. Nenda hospitali siku hiyohiyo.

Baada ya kuanza dawa, damu hupimwa tena ndani ya wiki 4 hadi 8. Ikiwa baada ya miezi miwili fenofibreti haijaleta nafuu ya kutosha, daktari huisimamisha. Namba ikishuka, usiache dawa kwa uamuzi wako, na usirudie soda na pombe kwa kuitegemea.

Tunachowasihi wasomaji na wasikilizaji wetu ni hiki: unapokwenda kwa daktari au mfamasia, beba pakiti za dawa zako zote na utaje hata za mitishamba. Na usigawane vidonge na jirani, hata kama majibu yenu yanafanana.