Na wewe je? Kutoka sukari ya London hadi bomba la Hoima

Mwaka 1791 Bunge la Uingereza lilikataa mswada wa William Wilberforce wa kukomesha biashara ya watumwa. Mwaka huohuo William Fox, muuza vitabu wa London, alichapa kijitabu chenye hesabu ya ajabu: familia inayotumia ratili tano za sukari kwa wiki, ikijizuia kwa miezi 21, itakuwa imemnusuru binadamu mmoja na utumwa au kifo. Wanaharakati wa wakati ule walikadiria kuwa watu wapatao 300,000 waliiacha sukari ya Karibi iliyozalishwa na watumwa. Kampeni ilipoamshwa tena miaka ya 1820, bakuli la sukari mezani liliweza kuwa na maandishi ya dhahabu yakimhakikishia mgeni kwamba kilichomo kimetoka India na hakikutengenezwa na watumwa.

Karne mbili baadaye, mwaka 2004, kampuni ya mafuta ya BP iliweka kwenye intaneti kikokotoo chake. Unajaza safari zako, umeme wako na mlo wako, nacho kinakutajia hewa ukaa unayozalisha. Kwa sura, hesabu hizi ni ndugu, maana zote zinaliteremsha tatizo la dunia hadi kwenye sahani ya mtu mmoja. Lakini Fox alimwita mnunuzi ili ambane muuzaji, ilhali BP ndiye muuzaji. Hesabu ya kwanza ilimtoa mtu dukani. Ya pili ilimwacha palepale kwenye kituo cha mafuta, dhamiri ikimsuta yeye peke yake.

Penye kujinyima hapakosi mwenye shaka. Mwaka 1792 mchoraji James Gillray alimchora Mfalme George wa Tatu na familia yake wakinywa chai bila sukari, mabinti wamenuna, malkia akiwabembeleza na kuwakumbusha fedha ambazo baba yao ataokoa. Mzaha ule uliilenga nia: hawa si wema, ni mabahili. Haukudai kwamba kwa kuwa malkia ni bahili, basi mtumwa wa Jamaica hapigwi mijeledi.

Marekani ya mwaka 2007 ilivuka mpaka huo. Siku moja tu baada ya filamu ya Al Gore, makamu wa rais wa zamani, kuhusu joto la dunia kupata tuzo ya Oscar, taasisi moja ya jimboni kwake Tennessee ilitangaza kuwa nyumba yake ya Nashville ilitumia karibu uniti 221,000 za umeme mwaka uliotangulia, zaidi ya mara 20 ya wastani wa nyumba ya Mmarekani. Gore alijibu kwamba hununua umeme wa vyanzo safi, na baadaye akaezeka paneli za jua. Majibu hayo hayakuwashughulisha sana waliokuwa wakimpinga, kwa sababu bili ya umeme ilikuwa imeshageuzwa kuwa hoja ya fizikia: mhubiri mwenyewe haamini, kwa hiyo joto halipo. Hapo ndipo ninapoachana nao. Msweden Svante Arrhenius alikokotoa mwaka 1896 jinsi hewa ukaa inavyoongeza joto la dunia, miaka saba kabla ndege ya ndugu Wright haijaruka. Huyo huwezi kumuuliza anasafiri kwa daraja gani.

Hata hivyo, kumcheka Mmarekani huyu mwenye shaka ni rahisi kupita kiasi. Mwaka 2016 mtafiti Shahzeen Attari na wenzake walichapisha utafiti ulioonyesha kuwa watu hupunguza imani yao kwa mtafiti wa tabianchi anayepanda ndege ovyo au anayefuja umeme nyumbani, na huwa wazito kufuata ushauri wake. Mwenendo wa msemaji haubadili kweli ya anachosema, ila hubadili utayari wa msikilizaji. Utafiti wao wa mwaka 2019 ukaongeza jambo lenye faraja: msemaji akijirekebisha, sehemu kubwa ya imani ile humrudia.

Nchini Sweden, nchi ya Arrhenius mwenyewe, swali la “na wewe je?” lilielekezwa ndani. Mwimbaji wa opera Malena Ernman aliacha kupanda ndege, na mwaka 2019 binti yake, mwanaharakati wa tabianchi Greta Thunberg, akavuka Atlantiki kwa mashua ya matanga, siku 14 kutoka Plymouth hadi New York. (Wakosoaji hawakukawia kugundua kwamba baadhi ya mabaharia wangepanda ndege ili kuirudisha mashua.) Mwaka huo abiria wa viwanja vikuu vya ndege vya Sweden walipungua kwa asilimia 4. Aibu hii ya kupanda ndege ni ya watu walio sawa wakitazamana, kila mmoja akiwa na tiketi ya treni kama njia mbadala. Ina heshima yake, lakini inamhitaji mtu mwenye cha kuacha.

Mtanzania wa kawaida hata tani moja ya hewa ukaa kwa mwaka haifikishi; Mmarekani anapita 13. Ndiyo maana huku kwetu swali hubadilika sura. Septemba 2022 Bunge la Ulaya liliitaka kampuni ya mafuta ya TotalEnergies iahirishe kwa mwaka mmoja bomba la mafuta ghafi la kilomita 1,443 kutoka Hoima, Uganda, hadi Chongoleani, Tanga. Viongozi wa Uganda walikuja juu. Na mwaka huohuo, Ulaya ikihaha baada ya vita vya Ukraine kuanza, meli zilitia nanga Mtwara kupakia makaa ya mawe ya Ruvuma na kuyapeleka hukohuko Ulaya. Nyani haoni kundule. Tofauti na wapinzani wa Gore, anayeuliza “na wewe je?” huku kwetu hasemi joto halipo. Analijua kwa mafuriko ya Rufiji. Analokataa ni kuagizwa na aliyeshiba.

Naona swali hili lina uzito kuliko la Marekani, lakini lina hila yake. Kiongozi anaweza kujifunika nalo dhidi ya Brussels, kisha akashuka kwenye shangingi kumhimiza mama lishe aache mkaa. Mkakati wa Tanzania wa mwaka 2024 unataka asilimia 80 ya wananchi watumie nishati safi ya kupikia ifikapo 2034, na lengo ni zuri; moshi wa jikoni unaua. Ila mama lishe hununua mkaa kwa kopo, kwa fedha ya mauzo ya asubuhi, wakati mtungi wa gesi wa kilo sita unadai fedha yote kwa mkupuo. Akikuuliza “na wewe je?”, hamhoji Arrhenius, wala hakuombi ujinyime ndege. Anauliza bei, na bei inajibika: Dar es Salaam tayari kuna mitungi yenye mita, unalipia gesi kwa simu kadiri unavyopika, shilingi mia kadhaa kwa wakati mmoja.