Tufuate Lualaba: Kutoka Kapata Mpaka Makaburi ya Kisale

Watu wengi wakisikia jina la Kolwezi hufikiri mashimo ya migodi na malori tu. Tena hudhani kwamba habari za nchi hii zilianza siku ile Wazungu walipokuja kuchimba. Kampuni ya Union Minière iliundwa mwaka 1906, tanuru yake ya Lubumbashi ikatoa shaba mwaka 1911, na mji wa Kolwezi ukajengwa mnamo mwaka 1937 na 1938. Kwa hesabu hiyo mtoto wa Kapata hana historia ya kupita maisha ya babu yake na baba wa babu yake. Hesabu hiyo si ya kweli. Ili tujionee, na tufanye safari fupi: tutoke Kapata, tufuate mto Lualaba mpaka Ziwa Kisale. Kwa njia si mbali sana, lakini itaturudisha nyuma zaidi ya miaka elfu.

Machimbo ya wazee

Kapata ni mtaa wa wafanyakazi wa migodi, nje kidogo ya Kolwezi. Watu wake ni wa makabila mengi, Waluba, Walunda, Wachokwe, Wasanga na wengine, na Kiswahili kimewaunganisha. Udongo wanaoukanyaga una shaba na kobalti, na habari za shaba hiyo ni za kale kuliko mtaa wenyewe.

Hao wahandisi wa kwanza hawakuivumbua shaba ya Katanga. Walionyeshwa. Juu ya vilima vingi, mahali ambapo miti haioti vema kwa sababu ya shaba iliyomo ardhini, walikuta mashimo yaliyochimbwa na wenyeji tangu zamani. Karibu na Lubumbashi, mahali paitwapo Naviundu, wataalamu wamepata mabaki ya kazi ya kuyeyusha shaba ya karne ya 4. Wakati huo hata dola ya Warumi ilikuwa haijaanguka.

Namna ya kazi hiyo tunaijua vizuri, maana Mhashamu Jean-Félix de Hemptinne, mmonaki wa Mtakatifu Benedikto aliyekuwa Askofu wa Katanga, aliiandika na kuichapisha mwaka 1926. Kitabu chake kilichukua jina la wafua shaba wenyewe, waliojiita «wala shaba». Kazi ilifanyika wakati wa kiangazi, baada ya mavuno. Watu walichimba mawe ya kijani, wakayachagua na kuyaosha. Tanuru ilijengwa kwa udongo wa kichuguu, ikajazwa makaa na mawe, na mivukuto ya ngozi ikapuliza moto. Shaba ikayeyuka, ikamiminwa katika kalibu. Haikuwa kazi ya kila mtu: ilikuwa na mabwana wake, na siri zake, na miiko yake.

Leo ukitafuta mashimo hayo ya wazee kuzunguka Kolwezi utayapata kwa shida. Mashimo makubwa ya mashini yameyameza. Palipokuwa na shimo la mtu na mtarimbo, sasa pana bonde zima lililochimbwa ngazi kwa ngazi. Basi kitabu cha wafua shaba kimechanwa kurasa zake huku juu. Lakini zimebaki kurasa nyingine, na hizo ziko chini bondeni.

Mto unashuka

Kaskazini ya Kolwezi tunafika Nzilo. Hapo mto umezuiwa kwa ukuta uliojengwa mwanzoni mwa miaka ya 1950 ili kupata umeme wa migodi, na nyuma yake likatokea ziwa. Chini ya ukuta Lualaba unaingia katika makorongo makali. Mwaka 1892 mtaalamu wa mawe Jules Cornet, Mbelgiji, alifika huko pamoja na msafara wa Bia na Francqui. Kolwezi iko juu ya mita 1,400 kutoka usawa wa bahari. Bonde tunaloliendea liko chini ya mita 600. Katika sehemu hiyo mto hauchukui mtumbwi wala mtu.

Kwa hiyo msafiri huuacha mto kidogo. Reli ya Kolwezi inakwenda Tenke, na kutoka Tenke njia nyingine inapanda kaskazini kupita Lubudi mpaka Bukama. Reli ilifika Bukama mwaka 1918. Hapo mto ni mpana na mtulivu, na mashua zinaweza kwenda mbali, mpaka karibu na Kongolo. Livingstone aliyeufikia Lualaba huko Nyangwe mwaka 1871 alidhani ndio mwanzo wa mto Nili, akafa mwaka 1873 bila kujua ukweli. Stanley aliufuata mpaka bahari ya magharibi mwaka 1877, ikajulikana kwamba ndio Kongo wenyewe.

Baada ya Bukama nchi inabadilika. Ni tambarare ya maji: maziwa, mafunjo, visiwa vya majani vinavyoelea, ndege na samaki wengi mno. Waitalo Bonde la Upemba. Upande mmoja ni hifadhi ya wanyama ya Upemba, iliyowekwa mwaka 1939. Mto Lufira, utokao pande za Likasi, nao unakuja kukutana na Lualaba katika Ziwa Kisale. Kwa hiyo njia mbili za maji zinatoka nchi ya shaba na kufikia bonde moja.

Waliolala Sanga

Kando ya Ziwa Kisale kuna mahali paitwapo Sanga. Mwaka 1957 Jean Hiernaux, mwalimu wa chuo kikuu cha Élisabethville, alianza kuchimba hapo. Jacques Nenquin wa jumba la makumbusho la Tervuren akaendelea mwaka 1958. Walikuta makaburi ya kale, na ndani yake vyungu vizuri ajabu. Hiernaux akachimba pia Katoto, karibu na Bukama. Tena mwaka 1974 na 1975 alikuja Pierre de Maret, akachimba Sanga, Katongo, Kamilamba, Kikulu na Malemba-Nkulu. Kwa kazi yao jumla ya makaburi yaliyochunguzwa yamepita 200, na tumepata mfululizo wa maisha ya watu wa bonde tangu karne ya 7 hivi mpaka siku za babu zetu. Mahali pachache sana katika Afrika pana mfululizo kama huo.

Huko Ireland, katika bonde la mto Boyne, kuna makaburi makubwa ya mawe yenye miaka zaidi ya 5,000, na watu wa dunia nzima huenda kuyatazama. Makaburi ya Kisale hayana mnara wala jiwe. Huwezi kujua unayakanyaga. Lakini ukiangalia yaliyomo ndani, utaona kwamba waliozika walikuwa watu wa heshima na upendo.

Walizika na vyungu, visu, mashoka, ndoana za samaki, bangili na mikufu ya shaba. Katika makaburi machache walitia kauri, ambazo asili yake ni Bahari ya Hindi. Na jambo moja linagusa moyo kuliko yote: mtoto mdogo alipozikwa, hakuwekewa vyungu vya mtu mzima. Vilifinyangwa vidogo, kulingana na umri wake. Mama mmoja wa karne ya 11 alikaa akafinyanga chungu kidogo kwa ajili ya mtoto ambaye hatapika kamwe. Nani atasema hao walikuwa watu wasio na historia?

Kamilamba lilipatikana kaburi la mtu aliyelazwa na fuawe ya chuma karibu na kichwa chake, pamoja na shoka la heshima. Ni wa karne ya 8 au ya 9. Baadaye, katika ufalme wa Waluba, shoka la namna hiyo lilikuwa alama ya mkubwa, na mfalme katika kutawazwa alifanyiwa ibada ya fuawe na nyundo. Wazee husimulia habari za Nkongolo, na za Mbidi Kiluwe, mwindaji aliyetoka mashariki, na mwanawe Kalala Ilunga. Masimulizi yanasema ufalme ulikuja pamoja na mgeni. Makaburi yanaongeza kwamba alama za enzi zilikuwapo bondeni tangu zamani sana, kabla mtu hajaanza kuzisimulia.

Misalaba ya shaba

Sasa tukumbuke: katika Kisale hakuna machimbo ya shaba. Shaba ilitoka juu, kusini, zaidi ya kilometa 200. Basi ililetwaje, na kwa kubadilishana na nini?

Kuanzia karne ya 13 au 14 makaburi yana misalaba midogo ya shaba. Msalaba huu si wa Kikristo; ni umbo tu la kalibu, mikono minne kama herufi X. Kwanza maiti alipewa mmoja au michache, ikalazwa kifuani. Baadaye ikazidi kuwa midogo, mingi, na ya kipimo kimoja, ikiwekwa mkononi au kiunoni, mahali pa mtu kuweka fedha zake. Wataalamu wanasema ndivyo tunavyoona kitu cha heshima kikigeuka pole pole kuwa fedha ya sokoni. Msalaba huo huo ulitiwa katika bendera ya Katanga iliyojitenga mwaka 1960, na katika senti zake za mwaka 1961.

Na watu wa bonde walilipa nini? Yaelekea walilipa kwa kile walichokuwa nacho tele: samaki waliokaushwa. Samaki akakwea, shaba ikashuka. Jambo hilo twaliona hata leo, maana samaki wa Kinkondja na wa maziwa ya Upemba wanauzwa katika masoko ya miji ya migodi. Mama wa Kapata anaponunua samaki mkavu anaendeleza biashara ya kale kuliko mji wake.

Shaba ilikwenda mbali zaidi pia. Katika karne ya 19 Wanyamwezi waliifuata mpaka Katanga. Mmoja wao, Msiri, akatulia Bunkeya na kutawala mpaka alipouawa tarehe 20 Desemba 1891. Wafuasi wake ni Wayeke wa leo.

Yatupasa nini?

Ndugu wasomaji, shaba ya wazee ilikuwa bangili ya bibi arusi, mali ya soko na heshima ya maiti. Waliyeyusha kidogo, na kila kipande kilikuwa na mtu. Leo inatoka kwa maelfu ya tani, na wale wanaoichimba mara nyingi hawabaki na kipande hata cha pete. Mwaka 2014, katika mtaa wa Kasulo pale Kolwezi, watu walianza kuchimba kobalti chini ya nyumba zao wenyewe. Mtu asiyejua kwamba ardhi yake ina mababu ataiona kuwa madini tu, na mwingine naye atamwona yeye kuwa kibarua tu.

Kwa hiyo tunawaomba walimu wa Kolwezi, Bukama na Kinkondja wawafundishe watoto habari za Sanga pamoja na habari za Misri na Roma. Nanyi mnaolima au kujenga bondeni: jembe likigonga chungu, msikivunje wala kukiuza kwa mpita njia. Mwambieni chifu na mwalimu, nao wapeleke habari kwenye jumba la makumbusho la Lubumbashi. Chungu kikitolewa mahali pake bila kuandikwa, kinakuwa bubu. Kurasa za juu zimekwisha kuchanwa. Hizi za chini tuzitunze.