Khadzonzo Alivyotoka Kilifi Akawa Sokoke
Huku Ngoliba paka ni wa kushika panya. Sema unaenda naye ng'ambo kwa ndege uone watu wakicheka. Lakini wasee, historia iko.

Mwaka wa 1978, karibu na msitu wa Arabuko-Sokoke, Jeni Slater alipata vitoto vya paka wenye rangi kama gome la mti. Wagiriama walimjua kitambo: khadzonzo. 1984 Gloria Moeldrup akapeleka wengine Denmark. 1993 shirikisho la FIFe likamtambua kama Sokoke. Jina la Kigiriama likabaki nyumbani.

Siku hizi paka wa Kenya akienda Ulaya anadaiwa chipu, chanjo ya kichaa cha mbwa, kipimo cha damu na miezi mitatu ya kungoja. Sawa, jaza hizo fomu zote. Lakini pale kwa jina, andika la kwetu.