Gharama ya Shaka

Mwaka 1641 mwanafalsafa Mfaransa René Descartes alichapisha kitabu ambamo, ameketi kando ya moto, alitilia shaka hata kuwapo kwa mwili wake. Shaka hiyo haikumnyima mlo wa jioni.

Mwaka 2008 Marekani ilitilia shaka undugu wa wakimbizi waliokuwa Nairobi, wengi wao Wasomali, walioomba kuungana na jamaa zao. Vipimo vya vinasaba vilithibitisha undugu wote katika familia zisizofika asilimia 20. Baadhi walikataa kupimwa. Mpango ukasimamishwa hadi mwaka 2012.

Wapo waliodanganya. Wapo pia waliolea mayatima wa ndugu zao, wakawaita wana, kama ilivyo desturi yetu. Hapa Minneapolis na Saint Paul, jamaa walisubiri miaka 4, wakilipia shaka ya wengine.