Kumpiga picha mtoto jua likiwa mgongoni mwake

Vijana wanaoanza kupiga picha hapa mtaani wana swali moja ambalo haliishi. Kwa nini nikimsimamisha mtoto na jua la jioni likiwa nyuma yake, mbingu inatoka ya kupendeza na mtoto anatoka mweusi tititi, hata mamake hamtambui? Nimeulizwa nje ya msikiti baada ya Alasiri, nimeulizwa ndani ya matatu, na wiki jana nimeulizwa kwa simu. Basi leo safu hii haitakuwa ya siasa wala ya bei ya unga. Nitaeleza vile ninavyofanya mwenyewe, na atakayeuliza tena nitamwelekeza hapa.

Jibu fupi ni kwamba kamera haikukosea. Kamera hupima mwanga wote ulio mbele yake kisha hutafuta wastani. Mbingu ya jioni ina mwanga mwingi mno kuliko uso wa mtoto aliyelipa jua mgongo, na kwa vile mbingu ndiyo imejaza sehemu kubwa ya picha, kamera hupunguza mwanga ili mbingu isiungue. Uso ndio unaolipa. Jicho letu halina taabu hiyo kwa sababu linajirekebisha kila tunapoligeuza, ndiyo maana pale ufuoni unamwona mtoto vizuri na mbingu vizuri, kisha ukitazama kioo cha simu unaona kitu kingine. Kila ujanja nitakaoutaja ni wa aina mbili tu: ama unaiambia kamera ipime uso badala ya mbingu, ama unauongezea uso mwanga.

Lakini kabla ya kamera, jua ulipo. Video nyingi za mafunzo zimetengenezwa na watu ambao jua lao linatua baharini. Letu halitui baharini, bahari yetu iko mashariki. Ukisimama Nyali, Bamburi, Diani au Malindi ukiitazama Bahari Hindi, jua linakuchwea kisogoni, nyuma ya minazi na mahoteli, na ufuo wenyewe unaingia kivulini mapema kabla jua halijazama. Nimewaona vijana wakitoka Kisauni na mtoto aliyevalishwa kanzu nyeupe, wanafika ufuoni saa 12, wanatafuta jua lilipo. Ukitaka maji na jua linalotua ndani ya picha moja, nenda kwenye mikono ya bahari: Tudor, Mtwapa, Kilifi, au Mida kule Watamu, mahali unapoweza kusimama upande wa mashariki ukatazama ng'ambo ya magharibi. Aliye upande wa Nyali anayeutazama Mji wa Kale ng'ambo ya maji, jua linamtulia nyuma ya minara ya misikiti, na hapo sijaona mahali panapopashinda. Walioko Lamu wavuke Manda, watazame walikotoka. Na anayetaka bahari kuu yenyewe nyuma ya mtoto, huyo aende baada ya Fajiri. Kanuni ni zile zile, ila watoto watakuwa na usingizi.

Saa nayo ni jambo. Sisi tuko nyuzi nne hivi kusini mwa ikweta, na jua la hapa hushuka karibu wima. Huko Ulaya, hasa miezi ya joto, hushuka kwa mshazari na ule mwanga wa dhahabu hukaa zaidi ya saa nzima. Hapa una kama nusu saa. Mombasa jua hutua kati ya saa 12 na dakika 10 na saa 12 na dakika 45 jioni kutegemea mwezi. Februari ndipo linapochelewa zaidi, Oktoba na Novemba linawahi. Huhitaji programu ya simu kujua haya, kwani kalenda ya nyakati za sala iliyobandikwa msikitini inakupa saa ya Magharibi kwa kila siku ya mwaka. Toa dakika 40, uwe umeshafika na umeshajua pa kumsimamisha mtoto. Ikibaki dakika 10, funga kamera.

Wapiga picha wenzangu huniambia ninapoteza mwanga mzuri kuliko wote, ule laini wa baada ya jua kuzama. Ni kweli ni mzuri. Lakini sisi tumelelewa tukiambiwa watoto waingie ndani magharibi, na mama akimwona mwanawe bado yuko ufuoni adhana inalia, mara ya pili hatakupa mtoto huyo. Mwanga wa kabla unatosha.

Sasa amua unapiga picha ya nini. Jirani yangu mmoja mumewe yuko Doha, mwaka wa tatu huu hajarudi. Alimwomba kijana wa mtaani ampigie mwanawe picha za kumtumia baba. Zikaja picha kumi na mbili, na katika zote mtoto ni kivuli mbele ya mbingu nyekundu. Kwa kalenda zingefaa sana. Baba akajibu kwa ujumbe wa sauti: mashallah, picha nzuri, lakini hayo meno yametoka kweli? Mtoto alikuwa ameng'oka meno mawili ya mbele na babake alitaka kuyaona mapengo. Kijana alikuwa amepiga picha ya mbingu. Aliyeombwa ni mtoto.

Kwa mwenye simu, kazi ya kwanza ni kupangusa lenzi. Hewa yetu ina chumvi, na mikono yetu ina mafuta ya viazi karai. Mwanga ukitoka nyuma ya mtoto na kuingia moja kwa moja kwenye lenzi chafu, picha nzima inapata ukungu mweupe, na wengi hudhani simu ndiyo mbovu. Tumia kitambaa laini cha pamba, usitumie ncha ya fulana iliyojaa mchanga. Kisha gusa uso wa mtoto kwenye kioo. Karibu simu zote zitahamisha kipimo cha mwanga hapo. Ukibonyeza na kushikilia, nyingi zitafunga kipimo hicho kisihame tena mtoto akisogea. Hapo hapo pembeni hutokea alama ndogo ya jua. Ipandishe kwa kidole mpaka uone macho ya mtoto. Mbingu itapauka. Iache ipauke. Ile modi ya kufifiza nyuma ya mtu niizime jioni, ndiyo nasaha yangu, kwa sababu simu hukata nywele na masikio vibaya, na pale kwenye ukingo wa nywele ndipo mwanga wote mzuri ulipo.

Ukingo huo ndio unaoipa picha hii thamani, na wanaoanza huukosa kwa jambo dogo. Mstari wa dhahabu unaozunguka kichwa na mabega hauonekani mbele ya mbingu nyeupe. Unaonekana mbele ya kitu cha giza. Kwa hiyo msogeze mtoto, au sogea wewe, mpaka nyuma ya kichwa chake kuwe na mikoko, ukuta ulio kivulini, shina la mbuyu au tumbo la mashua, huku jua likiwa juu kidogo au pembeni, nje ya picha. Hatua mbili kushoto zinaweza kufanya kazi kuliko kamera mpya. Watoto wetu wa kiume wengi wamenyolewa, basi usisubiri nywele zing'ae. Tazama masikio: mwanga ukipita nyuma yake sikio la mtoto huwa jekundu kama taa. Mtandio mwepesi wa msichana hupitisha mwanga vizuri sana, leso nzito haipitishi. Kofia ya kiua iliyotobolewa matundu, hiyo jaribu mwenyewe uone.

Kuhusu kuongeza mwanga usoni, usinunue kitu kwanza. Vaa nyeupe. Mpiga picha aliyevaa kanzu nyeupe akichuchumaa hatua mbili mbele ya mtoto, kanzu yake inarudisha mwanga wa jua usoni mwa mtoto. Mchanga mweupe hufanya hivyo hivyo kutoka chini, na mchanga uliolowa maji yakipwa hurudisha mwanga wa mbingu nzima. Ukuta wa chokaa mbele ya mtoto ni bora zaidi. Ukiwa nyumbani, panda darini. Vichochoro vya Mji wa Kale ni vyembamba na nyumba ni ndefu, jua la jioni haliwahi kufika chini. Ile povu nyeupe ngumu inayokuja ndani ya boksi la televisheni, mpe dada mkubwa aishike chini ya kifua cha mtoto. Usitumie kitu cha rangi kali, kwa sababu leso ya kijani itampa mtoto uso wa kijani.

Mwenye kamera ya lenzi ya kubadilisha aweke modi ya A, au Av kwa nyingine, afungue tundu la lenzi mpaka namba ndogo aliyo nayo. Kisha atafute kitufe chenye alama ya kujumlisha na kutoa, aongeze 1 mpaka 2. Au abadilishe kipimo kiwe cha nukta moja na akiweke usoni. Shata isipungue 1/250 kwa mtoto aliyesimama na 1/500 kwa anayekimbia. Ikishuka, pandisha ISO bila woga, chembechembe kidogo ni afadhali kuliko uso uliotikisika. Piga faili ghafi, zile zinazoandikwa RAW, kwa sababu uso uliobaki gizani kidogo unaweza kuinuliwa baadaye, lakini mbingu iliyoungua hairudi. Jua likiipiga lenzi, fokasi huhangaika kwenda na kurudi. Kinga lenzi kwa kiganja kama unavyokinga macho, au lifiche jua nyuma ya kichwa cha mtoto. Na tafadhali, ukiwa na kamera ya kioo cha kuchungulia cha zamani, usilitazame jua kupitia hapo. Lenzi hukusanya jua kama kioo cha kuchomea karatasi, na jicho ni moja kwa kila upande.

Ukitaka kivuli kwa makusudi, geuza yote niliyosema. Gusa mbingu badala ya uso, izime HDR, piga magoti au lala chini ili mtoto awe juu ya upeo wa macho. Kivuli hakina macho wala tabasamu, umbo lake ndilo linalosema, kwa hiyo mikono iachane na mwili na uso utazame pembeni. Mtoto aliyevaa kanzu pana au dera akisimama wima hutoka kama gunia. Mpe tiara arushe, mpe tairi asukume.

Na watoto usiwapange. Wazee wetu walipokwenda studio ya Parekh hapa Mombasa, au kwa Bakor kule Lamu, walikaa kimya wamenyooka, na picha zile tunazitunza mpaka leo. Lakini pale palikuwa na taa na kiti, na mpiga picha ndiye aliyeushika mwanga. Jioni ufuoni huna hata kimoja. Mwambie mtoto kazi ya kufanya, akutafutie kombe lenye tundu, kisha piga picha mfululizo anapolileta. Usimwambie cheka. Awepo mtu mzima mwingine asiye na kamera, ambaye kazi yake ni maji tu. Macho yako yatakuwa kwenye kioo, na bamvua haisubiri.

Jambo ambalo vijana hawalipendi ninapolitaja ni ruhusa. Mtoto anayecheza ufuoni si mali ya mwenye kamera, awe mtalii au awe kijana wa hapa hapa. Mzazi aulizwe kabla ya kupiga, na aulizwe tena kabla ya kuweka popote, kwa maana hayo ni maswali mawili. Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019, kifungu cha 33, inataka idhini ya mzazi au mlezi kwa taarifa za mtoto, na picha ya uso wake ni taarifa. Mwaka 2023 shule moja ilitozwa faini ya zaidi ya shilingi milioni 4 kwa kuweka picha za wanafunzi mtandaoni bila idhini ya wazazi. Wazazi wengine hawataki kwa ajili ya jicho la watu. Usibishane nao wala usiwacheke. Watoto wanaoogelea bila nguo usiwapige kabisa, hata kwa kivuli, hata mama akisema haidhuru. Na picha uliyoombwa kwa ajili ya baba aliye Doha haiwi tangazo la biashara yako kwenye status. Yule jirani yangu aliiona ya mwanawe huko, ikiwa na namba ya simu ya kijana na bei zake, na tangu siku hiyo hampi mtu mtoto wake.

Picha ikiwa tayari, WhatsApp ikiituma kama picha ya kawaida huibana, na sehemu za giza usoni ndizo zinazoharibika kwanza, zinatoka madoa madoa. Itume kama faili. Ukienda kuchapisha, ing'arishe kidogo kuliko unavyoiona kwenye simu, kwa sababu kioo kina taa yake na karatasi haina. Chapisha moja ndogo ya majaribio kwanza, itazame nje mchana, kisha ndipo uagize ile kubwa ya ukutani.